Vigingi vya Reli Kwenye Kahawa Yangu

Mpaka leo sijui nimkasirikie nani. Nimejaribu kumkasirikia Mwingereza mwenye darubini, nikajaribu kwa karani wake, nikajaribu hata kwa mama mkwe, apumzike kwa amani. Hasira haikai kwa yeyote, inanirudia mwenyewe.

Tulikuwa Mbozi, miaka michache baada ya vita ya pili ya wazungu. Mume wangu alikuwa migodini Rhodesia ya Kaskazini, kama wanaume wengi wa kwetu. Aliniachia mistari minne ya mibuni michanga na neno moja: "Hii ikizaa, sirudi tena migodini." Nililala na kuamka na neno hilo. Nilipalilia mibuni ile mpaka mama mkwe akanitania kwamba nimeolewa na kahawa.

Mwaka wa tatu, kahawa ikiwa na matunda ya kwanza, bado mabichi, wakaja wapima reli, yule Mwingereza na darubini yake na watu wake. Walichomeka vigingi vyenye rangi nyekundu kutoka bondeni hadi katikati ya mistari yangu, wakaenda zao.

Baadaye tuliitwa mkutanoni kwenye ghala la kahawa. Nilitaka kujua jambo moja tu: reli inapita kwangu au haipiti? Niliyoyasikia yalinivuruga kichwa. Bwana mpima alisema treni haiwezi kupanda mlima mkali. Wakulima wakataka stesheni iwe jirani na ghala. Mgeni kutoka Kamsamba akasimama, akasema reli ishukie kwao, kwani mpunga nao una haki ya kupanda treni. Tulicheka sana. Mwingine akauliza kama moshi utaunguza maua ya kahawa. Kila mtu alivutia kamba kwake, na kila karani alipotafsiri, bwana mpima alichora mstari mwingine kwenye karatasi yake na kuufuta wa mwanzo.

Nikanyoosha mkono.

"Shikamoo, bwana karani. Vigingi vilivyo shambani kwangu ndiyo reli?"

Akanong'onezana na bwana wake.

"Mama, hiyo ni njia moja kati ya tatu. Bado inafikiriwa."

"Sasa mibuni yangu niifanyeje?"

"Subiri utaratibu."

Utaratibu! Sisi tulijua utaratibu mmoja tu wa kigingi. Bwana shamba alikuja na kamba yake, akachomeka vigingi, akaondoka. Akirudi alitaka kukuta shimo la mbuni kila penye kigingi, la sivyo ni faini. Kwetu kigingi kilikuwa amri. Kigingi kinachofikiriwa hatukuwahi kukiona.

Nilipomweleza mama mkwe, alishika kiuno.

"Mke wa mwanangu, serikali haichomeki mti bure. Unangoja waje wakukute umekaa, wakufunge, mwanangu arudi kwenye nyumba tupu?"

Niliogopa. Tena, niseme kweli, nilijiona mwerevu: nikiwahi, labda nitapewa shamba jingine mapema. Asubuhi nikashika jembe. Kwa siku mbili tuling'oa mibuni yote iliyokuwa karibu na vigingi, ukabaki mstari mmoja wa pembeni. Mama mkwe aliimba nyimbo za kanisani, mimi nililia.

Wapima walirudi kahawa za majirani zikianza kuiva. Walikuja kuchukua vigingi vyao, maana njia ilikuwa imehamia upande mwingine. Baadaye nikasikia hata hiyo nyingine imeachwa. Bwana mpima aliyatazama mashimo, akasema kitu.

"Anauliza," karani akaniambia, "mbona umeng'oa kahawa nzuri namna hii?"

Nilidhani ananidhihaki. Lakini uso wa yule mzungu ulikuwa na huruma tupu, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa.

Mume wangu alifika kabla ya mvua, amebeba kila kitu chake, hata sufuria aliyokuwa akipikia huko. Alikuja kukaa. Aliyahesabu mashimo shambani, moja moja.

"Nani aliagiza?"

Nikaanza kumweleza njia tatu, mlima, mpunga, utaratibu. Nilijisikia naongea kama karani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Baada ya wiki mbili alikunja blanketi lake, akashika njia ya Tunduma kurudi migodini. Sufuria aliniachia. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa yeye akiwa huko chini ya ardhi, na akaanza kutembea kabla hajamjua baba yake.