Mwenyekiti Alivyokuja Kukagua Samurai wa Kibandani

Kama wewe si wa huku Handeni humjui da Mwaija, basi ngoja nikueleze kwanza, maana bila yeye hii stori haina miguu.

Kwao ni Kwashemshi, kule milimani upande wa Korogwe. Msambaa kabisa, akikasirika anakusema Kishambaa harakaharaka mpaka unaomba msamaha hata kosa hulijui. Alipomaliza la saba akashuka Ngombezi, akaajiriwa kiwandani kwenye mkonge, pale nyuzi zinaposafishwa kwa brashi. Lile vumbi jeupe. Mpaka leo asubuhi unamsikia anakohoa kabla hujamwona. Gemu alijifunza hukohuko Ngombezi kwa jirani, kwa kuangalia tu, halafu akahamia kwetu akafungua kibanda nyuma ya stendi. Televisheni moja, mashine moja, mabenchi mawili, kanga mlangoni ya kuzuia jua. Mwanamke na kibanda cha gemu, watu walicheka wee, wakachoka, wakaanza kuleta watoto wao.

Sasa kipindi hicho gemu linalochezwa kwake lilikuwa moja tu, la samurai. Japani ya zamani hiyo, ya mabwana na ngome. Una upanga, una farasi, na dunia yote iko wazi, unaenda unakotaka. Mlimani, mtoni, kijijini, kwenye ngome ya adui, hakuna wa kukwambia pita hapa.

Na pale kibandani kuna utaratibu, sijui kama kwenu upo. Sevu, mahali gemu linapohifadhiwa, ni moja. Yaani hakuna samurai wangu na samurai wako. Muda wako ukiisha unamwacha palepale alipo, anayekuja anamchukua hapohapo. Ukimwacha na majeraha, mwenzio anaanza na majeraha. Kwa hiyo tulikuwa na samurai mmoja, tunamwita Bwana Panga, amelelewa na kibanda kizima tangu vuli. Alikuwa amefika mbali huyo jamaa. Ngome ya kaskazini tulimnyang'anya adui kwa wiki nzima, watu wanapokezana pedi ya kuchezea kama ndoo za kuzimia moto.

Tatizo likaanza na watoto wawili wa mtaani. Wamechapana na fimbo za mkwaju wakijiita samurai, mmoja jino likatoka. La utoto, lingetoka tu, lakini nenda kamwambie hivyo mama yake. Akina mama wakaenda kwa Mzee Semboja, mwenyekiti wetu wa mtaa, na kiwanja chenye kibanda ni cha mtaa, kwa hiyo akisema ondoka, unaondoka. Mzee akajibu kwamba yeye hafungi kitu kwa kusikia. Atakuja Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri, aangalie kwa macho yake na awasikilize wachezaji wenyewe. Akiridhika, sawa. Asiporidhika, anaondoka na ufunguo.

Ijumaa da Mwaija akatuweka chini. Tulikuwa watatu, mimi, Zaidi na Lekakeny.

"Pakifungwa narudi Ngombezi kwenye brashi," akasema. "Na kifua changu hiki mnakisikia. Kwa hiyo kesho sitaki ujinga. Lekakeny ndiye atakayecheza."

Lekakeny ni Mmasai wa kule nyikani, analeta ng'ombe mnadani, akimaliza anakuja kibandani kusubiri wenzake. Akipewa pedi hapigani. Anatembea na farasi tu, taratibu, anaangalia majani.

"Sasa huyo si atamlaza mwenyekiti usingizi," Zaidi akasema. Zaidi ni bodaboda, na mdomo wake hauna breki.

"Ndicho ninachotaka. Na wewe kesho ukifungua mdomo uombe dua kwanza. Na jina la Bwana Panga nisilisikie. Kesho anaitwa samurai."

Jumamosi ikafika. Jua la Handeni mnalijua, bati linalia juu. Mzee Semboja akaingia na kanzu yake na fimbo, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, akakaa benchi la mbele. Da Mwaija akamletea maji. Akayaweka chini bila kunywa. Mzee asipokunywa maji yako ujue hajaja kama mgeni.

"Kabla ya kuwasha," akasema, "niambieni. Mnakaa humu mpaka jua linazama. Mnapata nini? Wewe kijana wa pikipiki."

Zaidi akamwangalia da Mwaija. Da Mwaija akaangalia dari.

"Mzee, mi nitasema ukweli. Nusu ya gemu inaboa. Kutembea tu, majani, majani, ua, ndege. Dunia kubwa mno mpaka inakuwa kero. Na farasi mwenyewe mzito, pikipiki yangu mbovu inamshinda. Lakini upanga mzee, pale kwenye upanga wametulia. Unasubiri, unasubiri, adui akinyanyua mkono tu, unam..." Da Mwaija akakohoa, na siku hiyo sidhani kama lilikuwa vumbi. "Unamshauri aache," Zaidi akamalizia.

Mzee hakucheka. Akamgeukia Lekakeny. "Na wewe?"

"Mimi farasi wananiudhi," Lekakeny akasema.

"Kwa nini?"

"Huyu mtu anampanda kutoka asubuhi ya huko mpaka usiku wa huko, anavuka mito mitatu, na hata siku moja hajamnywesha. Mimi nikifika mtoni namsimamisha. Lakini hanywi. Aliyetengeneza hili gemu hana mifugo."

Mzee akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia kitu chenye akili mahali asipotegemea. Nikapata matumaini. Mimi nilisema napenda ramani, kwamba unaanza ukungu umefunika kila mahali, na kila unapotia mguu panafunguka, na kwamba mimi sijawahi kufika hata Tanga mjini lakini kule nakujua njia zote. Akasema haya, washa.

Lekakeny akashika pedi. Samurai wetu alikuwa amesimama kwenye mashamba ya mpunga, kama tulivyopanga. Akapanda farasi. Mlio wa kwato, maji yanang'aa, ndege weupe wanaruka. Mzee anaangalia. Dakika zinakwenda, kijiji kikaanza kuonekana, na Zaidi akaninong'oneza, "Tumeshapita mtihani hapa."

Hatukuwa tumepita. Kwenye kona ya mianzi wakatoka majambazi watano.

Hawapo siku zote, wanatokea wenyewe, gemu ndivyo lilivyo. Wamemburuta mkulima kwa kamba. Lekakeny akajaribu kugeuza farasi, mshale ukampiga farasi, samurai chini. Sasa hapo huna la kufanya. Akachomoa upanga. Na Lekakeny asiyepiganaga, kumbe anaweza, maana aliwamaliza wote, na damu ikaruka mpaka kwenye mianzi, na wa mwisho alianguka polepole huku anashika shingo. Da Mwaija alikuwa amefumba macho.

"Wale ni nani?" Mzee akauliza.

"Majambazi, mzee," nikasema. "Wanachoma vijiji. Huyo aliyefungwa kamba ni mkulima."

"Amefunguliwa?"

Lekakeny akaenda akamfungua. Mkulima akainama, akashukuru.

"Haya. Mtu akija kukuchomea nyumba utamfanyaje. Endelea."

Jamani. Nilimwona da Mwaija anafungua jicho moja, halafu la pili. Zaidi akaegemea ukuta. Yaani tulishaona tumeshinda, na kwa furaha hiyo wala hakuna aliyeangalia Lekakeny anafanya nini. Yeye alikuwa anafanya tunachofanya wote baada ya kupigana. Aliingia nyumba ya kwanza ya kile kijiji kujaza mfuko.

Ndani kuna bibi amekaa jikoni, anakoroga chungu. Lekakeny akampita. Kitufe cha mraba, akachukua mchele. Mraba, kitambaa. Mraba, mishale juu ya kabati. Akazunguka nyuma ya bibi, mraba, akachukua chai. Akatoka.

"Simamisha," Mzee akasema.

Picha ikaganda.

"Ile nyumba ya nani?"

Swali hilo humo kibandani hatukuwahi kulisikia.

"Ya yule bibi," Lekakeny akasema.

"Alipiga hodi?"

"Gemu halina hodi, mzee," Zaidi akasema.

"Na mchele, alipewa?"

"Ni vitu vya kuokota tu hivyo. Na yule bibi si mtu mzee, ni kompyuta. Hata haoni."

Nilitamani kumziba Zaidi mdomo na kanga ya mlangoni. Mzee akamgeukia polepole. "Haoni. Kwa hiyo bibi asipoona, unachukua."

Mzee akaielekeza fimbo kwenye skrini.

"Nionyesheni huo mfuko wake."

Da Mwaija akachukua pedi mwenyewe, akafungua orodha ya vitu. Ikaanza kushuka. Mchele, mtama, chai, hariri, ubani, viatu vya majani, kitana cha mwanamke. Inashuka tu. Miezi yote ya kibanda kizima, kila nyumba tuliyoingia. Mimi mwenyewe kile kitana nakikumbuka, nilikitoa kwenye nyumba yenye msiba.

"Hapo. Hiyo ni nini?"

"Ngoma ya mtoto, mzee," da Mwaija akasema.

"Samurai anafanyia nini ngoma ya mtoto?"

"Unaiuza. Unapata mishale."

Mzee Semboja akashika fimbo yake. "Mimi nilikuja kwa ajili ya damu. Mama zao waliniambia damu. Fimbo na meno hayo nayaweza, watoto wamepigana tangu nikiwa mtoto. Lakini mtoto anayekaa hapa kila siku, anaingia kwa mtu bila hodi, anampita bibi jikoni bila shikamoo, anabeba, anatoka, na anapongezwa. Kesho ataingia kwangu." Akasimama. "Mwaija, mwanangu. Rudisheni vya watu, halafu tuzungumze."

"Hakuna kitufe cha kurudisha, mzee. Kuchukua kipo. Kurudisha hawakuweka."

"Basi nipe ufunguo."

Ulikuwa shingoni kwa da Mwaija, kwenye kamba ya katani. Akaushika. Nikaona kidole gumba kinausugua, na mi nikawa nahesabu kichwani, leo Jumamosi, Jumatatu atakuwa Ngombezi amefunga kitambaa puani. Sikujua kama nilie au nikimbie.

Hakuuvua. Akamwangalia mzee, akasema, "Ni kweli. Nimekaa na kazi hii muda wote huu na sikuona. Nilikataza matusi, nilikataza sigara, hili sikuliona. Lakini kuna kitu kimoja naweza kufanya, ila si changu peke yangu." Akatugeukia. "Sevu ya nani?"

Tukaangaliana, maana tulijua anakokwenda.

"Nauliza, ya nani?"

"Ya wote," nikasema.

"Basi semeni wenyewe. Nifute?"

Mzee akauliza kufuta ndiyo nini, hakuna aliyemjibu. Jamani, ile ngome ya kaskazini. Ule upanga mweusi aliousaka Zaidi mvua inanyesha na abiria wanampigia simu. Farasi ambaye Lekakeny alimbadilisha mara ngapi akitafuta mwenye miguu mizuri. Lekakeny akasema kwanza, polepole, "Vitu vya wizi vikishachanganyika na vyako, kundi lote si lako. Futa." Mimi nikasema futa, lakini sauti ilitoka ndogo.

Tukabaki tunamwangalia Zaidi. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea ufunguo wa pikipiki.

"Upanga mweusi, da Mwaija," akasema.

"Najua."

"Wallahi tena sitaupata. Unatoka kwa bahati."

"Najua, mdogo wangu. Ndiyo maana nakuuliza."

Akakaa. Akautia ufunguo wa pikipiki mfukoni. Halafu akasema futa kabla sijabadilisha mawazo, akageukia ukutani.

Da Mwaija akabonyeza. Mashine ikauliza una uhakika. Akabonyeza tena. Skrini ikawa nyeusi, halafu ukaja ule muziki wa mwanzo kabisa, ambao hatukuwa tumeusikia tangu vuli, na pale penye jina la Bwana Panga pakawa patupu.

Mzee Semboja alibaki amesimama. Alituangalia mmoja mmoja, kwa Zaidi akakawia, maana mabega ya Zaidi yalikuwa yanafanya kitu ambacho mabega ya bodaboda hayafanyi mbele za watu. Akakaa chini tena.

"Sijui hicho mlichofuta ni nini," akasema. "Lakini nimeona sura zenu. Mtu hafanyi sura hiyo kwa kitu cha bure."

Akainua yale maji, akanywa, akarudisha kikombe kitupu.

"Utaendelea, Mwaija. Ila nyumba yenye mwenyewe, mtu haingii kubeba. Nikikuta wanabeba, sitauliza maswali tena. Na nitakuja bila kusema."

Na anakuja kweli. Juzi tu alikuja, akakaa na tende zake, akauliza yule farasi ameshapata maji. Lekakeny akamwambia bado.

Ila nikupe maoni yangu kama mchezaji, kwa sababu wengi mnaniuliza kama hili gemu linafaa. Linafaa, lakini kwa da Mwaija ni gumu kuliko popote. Hatuna mishale. Hatuna chai ya kuponya. Tunaokota porini na kwa majambazi tu, tumekwama kwenye daraja la mto wa kwanza wiki ya tatu sasa. Jana Zaidi alikuwa na mishale miwili, jeshi zima ng'ambo, amejificha kwenye kibanda cha mvuvi, na ukutani podo limejaa mpaka mishale inamwagika. Mvuvi mwenyewe yupo, anashona nyavu. Zaidi akasogea. Kidole kikakaa juu ya mraba.

"Zaidi," da Mwaija akasema kutoka mlangoni, wala hajageuka. "Hapo pana mtu."

Zaidi akasonya, akamwinamia mvuvi, akatoka nje na mishale yake miwili. Akafa palepale darajani. Akanipa pedi.