Walimkubali Akiwa Kwenye Jeneza

Nitaanza na magoti ya baba yangu, kwa sababu ndiyo niliyoyaona zaidi kanisani nikiwa mtoto. Kila Jumapili ya Meza ya Bwana, watu wa benchi letu walipoinuka kwenda mbele, yeye alivuta magoti pembeni ili wapite. Wakapita mmoja mmoja, mama yangu akiwa kati yao, wakala mkate, wakanywa divai, wakarudi, naye akavuta magoti tena. Hakuinamisha kichwa. Aliimba. Alikuwa na sauti mbaya sana na aliimba kuishinda kwaya nzima, na mimi nilikaa hapo kando yake nikitamani kumzaba mtu kofi.

Alikaa hivyo zaidi ya miaka thelathini. Kosa lake lilikuwa hili. Mdogo wake alianguka kutoka juu ya mti akishusha mzinga wa nyuki, akafa, akaacha mke na watoto wawili wadogo. Jamaa za huyo mke walikuwa mbali, ng'ambo ya mto Tana, na hawakuwa na haja naye. Baba akamjengea nyumba ndani ya boma letu, hatua chache kutoka mlango wa mama. Sisi tulimwita mama mdogo. Tulikula kwake tulipochoka na chakula cha kwetu, na tulipokosea alituchapa bila kuomba ruhusa ya mtu. Wazee wa kanisa walikuja, wakatazama nyumba mbili, wakasema mzee huyu ana wake wawili, na mwenye wake wawili haikaribii meza. Wakampa masharti: amrudishe huyo mwanamke kwao, asimame mbele ya kanisa atubu, na Jumapili hiyo hiyo atapewa mkate.

Kama alikuwa mke wake kweli, sijui. Watu bado wananiuliza, wengine wakiwa wameshika kikombe cha chai yangu mkononi. Nawaambia wakamwulize mwenyewe, kaburi liko pale nyuma ya zizi la mbuzi.

Baba hakumrudisha na hakutubu. Wala hakuhama kanisa, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Makanisa mengine hayakukosa huku Kiambere, na mengine yangempokea kwa ngoma na vigelegele. Yeye akabaki palepale. Kanisa lilipojengwa upya kwa mawe, mwaka wa ukame, ni yeye aliyeteka maji bwawani kwa punda wetu wawili, safari baada ya safari, maji ya kuchanganya saruji. Nilikuwa na miaka kama kumi na minne. Nilimwuliza kwa nini anawajengea watu wanaomnyima mkate. Akanijibu huku akifunga mitungi mgongoni mwa punda.

"Mimi naenda kwa mwenye nyumba. Hao ni wa mlangoni tu."

Na huyo mwenye nyumba alimjua vizuri. Kila asubuhi kabla ya kuwafungulia mbuzi alivua kofia, akashika miti ya zizi, akaanza kuongea naye kwa Kimbeere, kwa sauti, kama anayezungumza na jirani aliye upande wa pili wa ua. Alimlaumu juu ya mvua. Alimshukuru kwa mbuzi aliyezaa pacha. Akawataja watu wote wa boma, mama, mama mdogo, watoto, kisha wazee wa kanisa, kila mmoja kwa jina lake na shida zake, huyu na sukari yake, yule na kijana wake mlevi. Mbuzi wakipiga kelele aliwaambia wangoje. Mimi nimerithi pua yake. Ule moyo wa kuwaombea sikuupata hata chembe.

Alikufa mwaka jana, ndengu zikiwa zimeanza kukauka shambani. Kifua kilimbana siku nne, ya tano akaondoka. Mimi ndiye kifungua mimba. Nimeolewa Manyatta na nafanya kazi ya ofisi Embu mjini, kuandika barua na kutafuta sahihi za wakubwa, kwa hiyo kila mtu akasema shughuli za mazishi ni zangu, mimi ndiye najua kuongea na watu. Nami, kusema kweli, nilijiona najua.

Mchungaji alikuja na wazee watatu. Alikuwa kijana, mgeni kwetu, hata baba hakumjua vizuri. Tukakaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema, wakanywa chai ya maziwa na kula viazi vitamu. Aliyepika chai ile ni mama mdogo.

"Sisi hatuna shida na mzee," mchungaji akasema. "Mzee alikuwa nguzo. Tunataka aingie kanisani, tumfanyie ibada kamili. Shida ni huyu mama mwingine."

"Shida gani?"

Mzee mmoja akaweka kikombe chini. "Hiyo jina yake isikuwe kwa programu. Na asikae kwa hema ya familia, wala asitupe udongo. Watu watasema kanisa imebariki bibi wawili."

"Na tukikataa?"

"Basi tutatuma mtu mmoja aombe hapa nyumbani, maombi kidogo. Lakini mwili haiwezi kuingia kanisa."

Leo nikiwa naosha vyombo huwa nawajibu. Nawaambia kuta zenu zina maji ya punda wetu. Nawaambia aliwaombea kila asubuhi akiwa ameshika zizi, na nyinyi hamkuwahi kumwuliza hata amelalaje. Nawaambia wainuke, watoke, na viazi waache. Nina hotuba ndefu, tamu, haina kosa hata moja. Siku ile nilisema neno moja tu. Nilisema, "Sawa."

Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya mama. Mama ni mtu wa kanisa, hajakosa meza hata siku moja, nikaona atakufa kwa aibu mumewe akizikwa kwa maombi kidogo. Sikumwuliza. Alikuwa ndani, amekaa kwenye godoro na wanawake wa kijiji, na nikasema mjane hasumbuliwi kwa mambo ya programu. Ofisini nimezoea hivyo, unakubali kidogo hapa ili jambo lipite pale. Niliona nimeshinda. Miaka yote hiyo walimzuia, na mimi nimemwingiza kwa kikao kimoja.

Mama mdogo nilimwambia mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya jiko anachambua mchele kwenye uteo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Ataingizwa ndani?" akauliza.

"Ataingizwa."

"Basi ni sawa, mwanangu," akasema, na akaendelea kutoa mawe.

Nikaenda mjini kuchapisha. Kwenye wasifu nilifuta jina lake, na majina ya watoto wake nikayasogeza chini pamoja na ya wapwa. Picha tuliyokuwa nayo nzuri ilikuwa ya siku niliyohitimu chuo, baba katikati, mama kulia, mama mdogo kushoto amemshika bega. Fundi wa kompyuta akamkata, lakini vidole vyake vikabaki kwenye koti la baba. Akaniuliza viko sawa hivyo. Nikamwambia avifute navyo.

Siku ya mazishi walimbeba baba hadi mbele kabisa, wakalaza jeneza hatua mbili kutoka meza ile ile. Mchungaji alivaa kanzu zote. Akasema tumempoteza mpendwa wetu, mfano wa imani, mtu ambaye kanisa litamkumbuka. Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nimekaa mstari wa kwanza nikisikia kichwa kinapasuka. Akiwa na mdomo wa kula hamkumpa, sasa hana mdomo mnamsukuma mpaka mezani. Halafu nikaitwa, nikasimama, nikasoma wasifu wangu wa uongo kwa sauti safi, na watu wakanisifu kwamba nimesoma vizuri.

Tulimzika nyumbani. Mama alitupa udongo, sisi tukatupa, wajukuu wakatupa, wazee wa kanisa wakatupa. Mama mdogo alikuwa amesimama karibu na jiko, mwiko mkononi, kwa sababu nyama ilikuwa inataka kugeuzwa. Baadaye wazee wale wale walikula nyama hiyo, na mmoja akatuma mtu akamwambie mpishi supu ni tamu, aongezewe.

Namwambia Mungu mambo haya, na simwambii kwa upole. Namwuliza alikuwa wapi, na mbona hakuangusha hata kigae kimoja cha dari juu ya kichwa cha mchungaji yule. Baba angecheka. Mimi sicheki.

Jioni ile, watu walipoanza kutawanyika, mama aliniita ndani. Alikuwa na programu mapajani. Hajui kusoma sana, lakini picha alikuwa ameitazama. Akaweka kidole pale kwenye bega la baba, mahali fundi alipofuta.

Nikaanza kujieleza. Nikamwambia wazee walitaka nini, na kwamba bila hivyo asingeingia, na kwamba nilifanya kwa ajili yake.

"Yalikuwa masharti yale yale," mama akasema. "Kila mchungaji aliyekuja hapa alimwambia amwondoe huyu, aingie. Alikataa akiwa kijana, akakataa akiwa mzee, hata wiki aliyougua walimtumia mtu, akakataa."

Akaikunja programu ile mara mbili.

"Wakaona wangoje afe," akasema, "wakuulize wewe."