Nilivyolinganisha sabufa mbili ndogo hapa Nakivale, koko wa jirani akakimbilia migombani

Wakuu, heshima kwenu wote.

Kuna watu humu waliniomba nilete ulinganisho wa zile sabufa ndogo zenye amplifaya yake ndani. Nauleta leo, ila umekuja na jambo jingine ambalo nimelibeba kifuani wiki ya sita sasa.

Ningeweza kuandika ya sabufa tu, nikachukua likes zangu nikakaa kimya. Nimeshindwa. Sijaongeza chumvi, na pabaya zaidi ni pale ninapohusika mimi.

Mimi ni Mkongo wa Kivu Kusini. Niko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka wa tisa huu. Natengeneza redio, spika na amplifaya, nina meza yangu ya ufundi pale senta. Mke wangu analima mahindi na maharage.

Sasa kuna mteja wangu mmoja, sajenti wa jeshi, anaishi na familia yake kambini kule Mbarara. Nilishamtengenezea redio, akaniamini. Akaniita.

"Mimi nataka besi ya sitting room," akaniambia kwa kile Kiswahili chao cha jeshi. "Si ile ya baa. Kitu kidogo ile naweza weka chini ya meza, na bibi yangu hapana lalamika. Wewe jaribu, niambie gani mzuri."

Mwenye duka mmoja pale Mbarara, ambaye huwa namfanyia ufundi, akakubali niondoke na mbili nizijaribu wikendi. Nilirudi Nakivale nimezipakata kama mapacha.

Jumamosi asubuhi nikazifunga na spika zangu mbili za rafu.

Ya kwanza, boksi limefungwa pande zote, spika ya inchi nane inatazama mbele. Ya pili ni ndogo zaidi, inchi sita na nusu, inatazama chini, na boksi lina tundu kwa nyuma.

Nikapiga rumba, nikapiga kwaya ya kanisa letu niliyoirekodi mwenyewe.

Ile ya tundu inakushtua mwanzoni. Inapiga kwa nguvu kuliko mwili wake, huamini kama ni kaboksi kale. Lakini besi yake inavuta mkia. Noti imeisha, yenyewe bado inanguruma, zinapandana.

Ile iliyofungwa ina adabu. Inaanza na gitaa la besi na kunyamaza nalo. Unasikia hadi kidole kikihama kwenye waya.

Kitu kingine, wakuu, msizisukumie kwenye kona. Kona inaongeza besi lakini inaichafua. Nilipoivuta hatua moja kutoka ukutani, ile ya tundu yenyewe ikatulia kidogo. Na kile kiswichi cha phase mnachokipuuza, kigeuzeni huku mmekaa pale mnaposikilizia. Upande wenye besi iliyojaa ndio wenyewe.

Hapo tayari nilikuwa na jibu la afande. Ningezima tu.

Lakini nilitaka kujua ipi inashuka chini zaidi. Na kusema kweli nilitaka video ya kuwarushia nyinyi humu, mseme jamaa anajua kazi. Nilikuwa na faili la mizinga ya filamu ya vita kwenye simu. Wapimaji wengi wanatumia vitu kama hivyo, maana mlipuko una besi ya chini kabisa.

Mke wangu aliniona navuta volume. Alikuwa ameshika madumu anaenda bombani.

"Baba Amani, acha kwanza," akasema. "Bale bageni ba hapo pembeni habajazoea fasi."

Wageni wenyewe ni Mama Furaha, mama yake mzazi ambaye sote tunamwita koko, yaani bibi, na watoto wawili. Walikuwa na wiki mbili tu tangu watoke Kongo. Sitaandika walichokikimbia. Kwetu ni kule kule, ninakijua.

Nikamwambia mke wangu ni dakika moja tu. Akanitazama, akaenda zake.

Nyumba yangu ni ya udongo na bati. Mlango wa Mama Furaha ni hatua kama kumi na tano kutoka kwangu.

Nikapiga ile iliyofungwa. Bati likatetemeka. Nikapiga ile ya tundu. Nikarudia ile iliyofungwa, volume juu zaidi, simu inarekodi. Nilikuwa natabasamu, wakuu. Kwenye video ninajisikia nikicheka.

Halafu nje sufuria ikaanguka, na mtu akapiga kelele.

Nilipotoka, Mama Furaha alikuwa amewalalia watoto wake chini, kando ya jiko. Maharage yamemwagika, moto unafuka moshi. Alikuwa anaita, "Mama! Mama yangu iko wapi?"

Koko hakuwepo. Fimbo yake ilikuwa mlangoni.

Watu wakajaa. Chairman wa kijiji chetu akaja mbio, jasho linamtiririka. Akanishika mkono.

"Baba Amani, umesikia ile kitu?"

Sabufa zilikuwa nyuma yangu, ndani, bado zina moto. Ilikuwa ni kusema sentensi moja tu.

Nikasema, "Nimesikia. Ni basoda, bako banafanya mazoezi upande wa kule."

Sijui niwaelezeje. Nilisikia maneno yanatoka kinywani kwangu kama ya mtu mwingine. Niliona macho ya Mama Furaha, nikaona aibu itakayonipata, nikaikimbia. Nikaingia ndani, nikachomoa waya, nikazifunika zile sabufa kwa kitenge cha mke wangu.

Neno lilishatoka. Ndani ya muda mfupi kijiji kizima kinasema ni wanajeshi. Wengine wakaongeza kwamba vita imevuka mpaka. Kuna familia nilizoziona zinafunga magodoro.

Tukaanza kumtafuta koko. Mke wangu akarudi na maji, akaona watu, akaingia ndani, akaona kitenge. Akatoka, akajiunga na wanawake wengine.

Tulipita mashamba ya mahindi, tukashuka mpaka kwenye mafunjo karibu na ziwa. Jua kali. Mzee wa watu anatembea kwa fimbo, kafika wapi bila fimbo?

Mimi ndiye niliyekuwa naita kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Koko, toka! Usiogope! Ni basoda tu!"

Niliita hivyo kutwa nzima.

Ilikuwa saa kumi imepita Mama Furaha alipompata. Alikuwa kwenye mtaro wa shamba la migomba, amejifunika majani makavu ya ndizi mpaka usoni. Tulikuwa tumepita pale mara mbili. Mguu mmoja haukuwa na kandambili, umechanika unyayo.

Nikasema nitambeba mimi. Nikampakia mgongoni. Mwepesi, wakuu. Mwepesi kama mzigo wa nguo.

Njiani akaanza kuongea sikioni kwangu, taratibu.

"Minasikia sauti yako. Ulipita karibu sana. Ulisema basoda, njo nikaziba mudomo na kitenge."

Nikampandisha vizuri mgongoni, nikaendelea kutembea.

"Aksanti ya kunitafuta," akasema. "Mungu akubariki, mutoto wangu."

Nimebeba vitu vingi katika maisha yangu ya ukimbizi. Sijawahi kubeba kitu kizito kama ile baraka.

Nyumbani mke wangu alikuwa amekaa karibu na zile sabufa.

"Utabaambia lini?" akaniuliza.

"Kesho."

"Leo. Jua haliyazama bado."

Nikaichukua ile iliyofungwa mikononi, nikaenda kwa Mama Furaha. Chairman alikuwepo, majirani walikuwepo, koko anaoshwa mguu. Nikaiweka chini mbele yao. Nikasema, "Haikukuwa basoda. Ilikuwa miye. Ilikuwa hii."



Koko akainama, akaweka kiganja juu ya boksi, akalipapasa pande zote.

"Haka?" akauliza. "Haka kadogo?"

Mtu mmoja nyuma akataka kucheka, akaacha. Mama Furaha hakunitazama hata kidogo. Aliendelea kukamua kitambaa kwenye beseni, anakikamua na kukikamua hata maji yalipokwisha.

Chairman hakunipiga wala hakunitukana. Alisema, "Ulivyobatia woga kwa mudomo, utabatoa woga kwa mudomo." Akanipitisha nyumba kwa nyumba, yeye nyuma yangu, nikirudia maneno yale yale mpaka yakakauka kinywani. Mama mmoja alinifungia mlango nikiwa katikati ya sentensi. Baba mmoja, mwenye godoro lake tayari kwenye baiskeli, alikaa chini akalia.

Jumatatu nikarudisha sabufa Mbarara na kumweleza afande yote, maana sikutaka ayasikie kwa mwingine.

"Wewe ulisema ni sisi?"

"Ndiyo, afande."

Akavua kofia yake, akaiweka mezani. Halafu akauliza, "Na huyo mzee, mguu yake naendelea aje?"

Alinunua ile iliyofungwa kama nilivyomshauri. Kuifunga nyumbani kwake akamwita fundi mwingine. Sina kinyongo.

Mguu wa koko umepona. Yeye alinisamehe wiki ile ile, mpaka leo ananiita mutoto. Mama Furaha anaitikia salamu yangu, lakini akiniona nimebeba spika yoyote, hata ndogo ya redio, anawaingiza watoto ndani na kufunga mlango.

Video nimeifuta. Msiniombe.

Nilichojifunza: kabla ya kuuliza chumba kina ukubwa gani, uliza nani anaishi upande wa pili wa ukuta na amepitia nini. Na ukikosea, sema dakika ile ile. Mlipuko ulimkimbiza koko, lakini kilichomweka mtaroni mpaka jioni ni uongo wangu.

Maswali ya sabufa ulizeni, nitajibu yote. Matusi pia nayapokea, nimeyastahili.

Ila walio na uzoefu nisaidieni hili moja: Mama Furaha nimfuate tena nimwombe msamaha, au nimwache kwa kuwa kuniona tu kunamuumiza? Kila asubuhi tunakutana bombani, na kila asubuhi sijui niangalie wapi.