Sekunde Arobaini na Tano za Mama Vipimo

Katika kituo kile cha televisheni wote walimwita Mama Vipimo, kwa sababu hakupita mtu mbele yake bila kupimwa kwa macho, kuanzia mabegani hadi kiunoni, kisha kuambiwa ukweli. Mtangazaji mmoja wa habari aliambiwa mchana kweupe kwamba koti lake halijarudi kwa kufuliwa, yeye ndiye aliyenenepa.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika chumba cha mavazi, na kila mwaka, siku ya tuzo za taifa za televisheni, alipewa kazi ya ziada aliyoipenda kuliko zote. Asubuhi ya sherehe hufanyika mazoezi. Mastaa bado wamelala, kwa hiyo wafanyakazi hukalia viti vyao, huitwa jukwaani, hupokea kipande cha mbao badala ya tuzo, na kusema lolote kwa sekunde arobaini na tano ili mwongozaji apate muda wake na wapiga kamera wapate picha zao. Dereva husoma gazeti. Mlinzi huhesabu kuanzia moja, kisha huinama kama aliyeshinda kweli. Mama Vipimo yeye huwasema watu, na ukumbi mzima hushika mbavu.

Mwaka huu hakuwa na hamu ya kumsema mtu. Mzee Tatu, mpiga kamera namba tatu, alikuwa anastaafu baada ya sherehe, na kesho yake angehamia kwa mwanawe wa kwanza, safari ya siku mbili. Mwezi uliopita alikuja chumba cha mavazi na kifungo kilichong'oka. Akasimama, akashonewa, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye mgane, Mama Vipimo naye mjane, na angependa wazeeke pamoja.

Moyo wa Mama Vipimo uliruka kwa furaha. Lakini ule mdomo wake usiojua kutulia ukawahi: ukamwambia alete maombi kwa maandishi, nakala tatu, zipitie kwa mkuu wa idara. Mzee Tatu si mtu wa utani. Alishukuru kwa kifungo, akaenda zake. Tangu hapo akawa anamsalimia kwa adabu zote, na Mama Vipimo akawa anajilaumu kila akitunga uzi kwenye sindano. Mara nne alimfuata ili amweleze, na mara zote nne akaishia kumwuliza habari za mguu wake.

Ikafika zamu ya mwigizaji bora wa kike. Mama Vipimo akapanda jukwaani, akapokea mbao yake. Mwongozaji, kijana wa umri wa kitindamimba wake, akatangaza kwenye spika kwamba muda umeanza. Hatua kumi mbele ilikuwepo kamera namba tatu, na juu yake ukachomoza upara anaoujua vizuri.

"Namshukuru mtu mmoja," alisema. "Mwezi uliopita aliniuliza neno la maana, mimi nikaleta mzaha. Sikukataa. Niliogopa tu. Mzee Tatu, zile nakala tatu nimekusamehe. Neno lako bado lipo?"

Sasa, mpiga kamera akiwa kazini hana kinywa. Anasikia kila kitu kwenye hedifoni zake, ila hasemi, maana sauti yake itaingia hewani. Ukimwuliza jambo hukujibu kwa kamera yenyewe: kulia na kushoto ni hapana, juu na chini ni ndiyo. Mama Vipimo alilijua hilo, ndiyo maana alikodolea macho skrini ndogo iliyokuwa chini ya jukwaa, ambako uso wake ulitulia katikati, hauendi popote. Sekunde zikapita. Akaona ameshachelewa.

Kisha paji lake la uso likapotea juu ya skrini. Likarudi, kidevu kikapotea chini. Kikarudi. Juu, chini, juu, chini, taratibu, bila dalili ya kuacha.

Mwongozaji akauliza kamera tatu ina hitilafu gani.

"Haina hitilafu," fundi sauti akamwambia. "Inajibu."

Zilikuwa zimebaki sekunde kumi na mbili, na Mama Vipimo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuwa na la kusema.