Daftari Alilolisoma Shemeji

Nilianza kuandika shajara nikifundisha katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nikiwa nimeshapita miaka thelathini. Mwalimu mwenzangu, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alikuwa akikaa pembeni na daftari kila mchana watoto wakienda kula. Nilidhani anaandaa masomo. Siku moja nikamuuliza.

"Tulipokimbia sikubeba kitu," akaniambia. "Ya kule sikuandika hata siku moja. Mtu akikataa kwamba yalinipata, nitamwonyesha nini? Haya ya hapa hayatanipotea."

Nikanunua langu. Mwanzoni niliandika upuuzi tu: vumbi, upepo, mwanafunzi aliyenitukana. Kisha nikaona kwamba hasira niliyoiandika mchana hainifuati nyumbani jioni. Nikashikilia hapo.

Likizo ya mwezi wa nane nilikuwa Lodwar, nikimtunza mama mkwe. Mume wangu alikuwa safarini. Mwiba ukamchoma mama mguuni, mguu ukavimba. Nikampigia simu shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, maana kwao hakuna linalofanyika bila yeye.

"Usimpeleke hospitali," akasema. "Nakuja na dawa kutoka Katilu. Wewe ni mke tu, huna amri juu ya mama yetu."

Nikatii. Hilo ni kosa langu na silifichi. Siku ya nne shemeji alikuwa bado hajafika, nikampeleka mama hospitali bila kumuuliza mtu. Madaktari wakasema mguu umeshaoza, wakaukata chini ya goti.

Shemeji akatangaza kwamba nilimwacha mama aoze. Ukoo ukaitwa, mama akiwa ametoka hospitali na mume wangu amerudi safarini. Nilipoingia uani nilimkuta amekaa na daftari langu mapajani. Alikuwa amelitoa kwenye mkoba wangu. Akaanza kulisoma kwa sauti, akiwatafsiria wazee kwa Kiturkana: pale nilipoandika kwamba mume wangu ni mwoga mbele ya kaka yake, pale nilipomwita yeye mwenyewe fisi. Watu wakacheka. Mume wangu akatazama chini, akathibitisha nilichoandika.

Mama mkwe, ambaye hajui kusoma, akauliza, "Siku ya mguu wangu imo?"

"Haimo," shemeji akajibu.

"Mpe mwenyewe atafute."

Nikasoma, nami nikiwatafsiria. Siku, saa niliyopiga simu, maneno yake kama alivyoyatamka, hata lile la mke tu. Nilimchukia, nami sikuruka neno. Safari hii hakuna aliyecheka. Shemeji akaninyang'anya daftari na kulitupa kwenye makaa yaliyokuwa yakichemsha chai.

"Choma," mama akamwambia. "Tumeshasikia."

Shemeji hakuniomba radhi, wala wale waliocheka. Mume wangu alinisihi niache kuandika, eti kwa ajili ya amani ya nyumba. Nikamuuliza amani ya nani. Wiki hiyo hiyo nikanunua daftari jingine.

Mama mkwe sasa anakaa nami Kakuma, na magongo yake, na hunieleza mambo ya ujana wake niyaandike, mambo ambayo wanawe hawajawahi kumuuliza. Shemeji akija kumwona hukaa mlangoni na kukataa chai yangu. Simbembelezi.