Jumapili za Bibi

Kila ninaponusa kahawa iliyoanikwa uani, namkumbuka bibi yangu. Viganja vyake vilinukia hivyo hata Jumapili, aliponishika mkono tukitembea kutoka kijijini kwetu Mabira kwenda misani. Watu walipokwenda kupokea komunyo, yeye alibaki amepiga magoti nyuma.

“Bibi, mbona wewe huendi?”

“Mimi ni mke wa pili, mjukuu wangu, hawanipi. Nakuja kumsalimia Yesu tu.”

Iwe mvua, liwe jua, alikwenda, mpaka alipofariki. Katekista alikataa kuja kumzika. Tulimzika wenyewe migombani, mama akianzisha nyimbo.

Babu sasa alibaki na mke mmoja, basi akarudishiwa komunyo. Nilimwona akienda mbele kupokea, amevaa koti jipya.