Tuliweka msiba wa kijana wa kwenye tamthilia hapa Nkuhungu, akaja mfiwa wa kweli

Mbukwenyi wakuu. Kwa wasio wa Dodoma, hiyo ni salamu tu, itikieni mnavyojua.

Mimi humu huwa napita kimya kimya. Nasoma nyuzi za watu, nacheka peke yangu, nalala. Leo nimeona na mimi nilete ya kwangu. Haya nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe. Nilichobadilisha ni majina tu, maana bado nakaa kwenye nyumba ya wahusika na sitaki kuanza kutafuta chumba.

Shule nimeishia form four, kwa hiyo nikiandika kama naongea mnivumilie.

Iko hivi. Nasuka nywele saluni moja Chang'ombe, hii ya huku Dodoma, na nimepanga chumba Nkuhungu kwa mzee mmoja Mgogo, tumwite Mzee Ndahani. Mke wake ni Mama Yona. Watu wazuri sana. Mzee ni wa maneno machache, yale ya kuhesabika. Mama ni wa kuita watu wale.

Kwenye nyumba hiyo nilikuta kitu kimoja cha ajabu. Mama anaitwa Mama Yona, ila Yona hayupo, na hakuna anayemtaja. Picha ukutani zipo za watoto wa kike wawili walioolewa. Ya tatu imebaki misumari.

Sikuuliza. Mpangaji mgeni haulizi misumari.

Kilichotuunganisha mimi na Mama ni tamthilia. Inaitwa Ua wa Nyuma, imeanza mimi nikiwa bado primary na mpaka leo inaendelea. Waigizaji wengine wamezeeka humo humo ndani. Mama yeye aliikuta katikati, baada ya binti zake kumletea TV, na akamkuta Sudi yuko jela.

Akanasa hapo hapo.

Ila Kiswahili chake ni cha kujifunzia ukubwani, na wale waigizaji wanaongea kama wanakimbizwa. Basi kila jioni ikikaribia saa yake, anagonga dirisha langu kwa kijiko. "Mwanangu, njoo, wanaanza." Nakwenda. Tukimaliza ananiambia, haya sasa nisimulie ya nyuma, huyu Sudi alianzaje.

Wakuu, hizo ndizo jioni nzuri kuliko zote maishani mwangu. Mama anabangua karanga kwenye ungo. Nje upepo wetu ule unaburuta vumbi, jua limekuwa jekundu kama limepakwa udongo, na mimi nasimulia maisha ya mtu ambaye hayupo duniani. Nina ndoto ya kuandika tamthilia siku moja. Sijamwambia mtu, nawaambia ninyi kwa sababu hamnijui.

Kwa wasiomjua Sudi, kwa kifupi.

Aliingia akiwa mtoto mdogo kabisa. Alikutwa stendi ya basi amekaa juu ya begi, anamsubiri mama yake aliyesema anakwenda kununua maji. Mama hakurudi. Akachukuliwa na tajiri mmoja mwenye ghala la mbao, akalelewa pamoja na mtoto wa kuzaa wa yule tajiri, Faraji. Mpaka siku ya harusi moja, mjomba akalewa akasema mbele za watu kwamba huyu tulimwokota.

Kuanzia hapo Sudi akaharibika. Bangi. Kuiba gari la mzee. Kisha ghala likaungua. Sisi watazamaji tunajua aliyewasha ni Faraji, ila Sudi akaubeba msalaba, akaenda jela. Akatoka akatorokea Msumbiji, akarudi akampenda Leila, kumbe Leila ni dada yake. Akapofuka, akaja kuona tena siku ya harusi ya mtu mwingine. Tamthilia jamani, ukiikalia sana unaanza kumtafuta pacha wako.

Na aliporudi kutoka Msumbiji alirudi na sura nyingine. Muigizaji wa kwanza aliacha kazi wakaweka mwingine, mrefu zaidi, na hakuna hata mmoja kwenye ile familia aliyeshtuka. Mimi nilicheka. Mama hakucheka.

"Mtoto akikaa mbali sana," alisema, "hurudi na sura nyingine. Mama yake ndiye wa kumjua."

Siku nyingine nilikuwa nasimulia ile ya stendi. Akasimamisha karanga. Akaniuliza Sudi alikaa juu ya lile begi muda gani. Nikamwambia haikuonyeshwa.

"Kwa hiyo hakuzaliwa mbaya."

"Hapana Mama. Hakuzaliwa mbaya."

Akaendelea kubangua, lakini karanga zilikuwa zinaangukia nje ya ungo.

Aliyenifungua macho ni jirani, Mama Semu, Mhehe. Mnajua Wagogo na Wahehe ni watani, kwa hiyo yeye kwenye hiyo nyumba anasema analotaka, anaingia jikoni anafunua sufuria na hakuna wa kumgusa. Akanieleza kwamba Yona ndiye kijana wao wa pekee. Mzee alimwachia shamba la zabibu Hombolo alilolilea kwa mikono yake, yeye Mzee akiwa anaumwa mgongo. Yona akawa analewa na wenzake, kumwagilia hamwagilii, mizabibu ikakauka imesimama. Mzee alipokwenda kuona, alishika shina likavunjikia mkononi.

Akarudi nyumbani akamwambia kijana mbele ya mama yake: "Ondoka. Utarudi hapa siku ya kunizika."

Yona akaondoka. Ilisemekana yuko Mtera, kwenye bwawa, anavua samaki. Na jina lake likakatazwa ndani ya nyumba.

Sasa baada ya kujua hilo, nikaanza kuzisikia upya zile jioni.

Mzee hakuwa mtazamaji. Ila alikuwa anapita. Anatoka kuoga na taulo begani, anasimama mlangoni, anauliza kama hataki jibu.

"Huyo kijana wako wa kwenye TV hajanyooka tu?"

"Anajaribu," anajibu Mama, macho mbele.

"Si alichoma ghala la baba yake."

"Hakuchoma yeye."

"Basi arudi aseme."

"Aliambiwa asirudi."

Mzee anabaki amesimama anaangalia tangazo la sabuni mpaka liishe, kama linamhusu. Mimi nimekaa katikati yao na kikombe changu cha chai, najifanya sipo.

Mama hata kwenye jumuiya alimpeleka Sudi. Wakati wa maombi alinyanyuka akaomba wamkumbuke kijana anaitwa Sudi, amepotea. Wakamwombea kwa machozi. Mzee wa kanisa akamuuliza baadaye ni nani kwake. Mama akajibu, ni wa nyumbani.

Halafu wakamuua.

Wala hawakutuonyesha. Simu iliita kwa yule tajiri wa mbao, akasikiliza, akakaa chini. Gari la Sudi limetumbukia mtoni. Mwili haujaonekana. Basi. Miaka yote ile, mtu anaondoka kwa simu moja. Mitandaoni walisema muigizaji amepata kazi nyingine.

Mama alinyanyuka akazima TV kabla hata ule muziki wa mwisho. Kesho yake jiko lake halikuwaka. Nilipotoka kazini nikampelekea uji, nikamkuta amekaa kitandani na kanga kichwani. Nikamwambia Mama, ni maigizo yale, yule kaka yuko Dar mzima anakula chipsi.

Akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye niliyefiwa.

"Mwanangu, wale wanaotunga wana kalamu mkononi. Kama wao wameshindwa kumrudisha kwao, mimi nitaweza na nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ameacha kumsubiri Yona.

Nikaenda kwa Mama Semu nikalia kidogo. Nina moyo mwepesi, nakubali. Mama Semu akanisikiliza, akafunga kanga kiunoni, akasema msiba usiokuwa na mtani hauishi, twende.

Mzee siku hiyo alikuwa Hombolo mpaka usiku. Mama Semu akaingia uani, akatandika mkeka, akawaita majirani, akaketi chini miguu imenyooka, akaanza kulia kwa sauti ya kufika sokoni.

"Sudi ooo! Umeondoka, umetuachia Leila! Nani sasa ataolewa na kaka yake!"

Majirani hoi. Akachukua mwiko akaufanya kipaza sauti, akasoma wasifu wa marehemu: amezaliwa stendi, amesomea jela, ameacha baba mmoja, sura mbili. Mama akatoka ndani kuona kelele za nini. Alijaribu kukasirika. Ikashindikana. Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaja akaketi mkekani, na kicheko kikageuka katikati yake kikawa kilio. Kilio chenyewe sasa.

Na sisi tukalia. Sijui kila mmoja alikuwa anamlilia nani. Nadhani kila mtu ana Sudi wake.

Katikati ya hapo Mama Semu akapiga picha, akaweka status. Mkeka, wanawake wamejitanda kanga, Mama katikati macho mekundu. Akaandika: Nyumbani kwa Mzee Ndahani, Nkuhungu. Pole sana Mama Yona.

Utani wake tu. Ila Mama Semu ananunua samaki kwa watu wa Mtera.

Kesho yake mchana nilikuwa uani nafua. Mama anachambua mlenda kwenye kivuli cha ukuta, na ule mkeka ulikuwa bado haujakunjwa. Geti likasukumwa. Akaingia mwanaume mwembamba, ndevu, ngozi imeungua kwa jua la bwawani, mkononi ana kiroba kinachonuka samaki wakavu.

Akauona mkeka. Akapiga magoti pale pale kwenye maji yangu ya sabuni.

"Baba nisamehe," akasema. "Baba, nimechelewa."

Nilidhani ni chizi. Nikamwangalia Mama, nikaona na yeye anamwangalia kama mgeni. Anaanzia kwenye ndevu, anashuka kwenye mabega, anarudi machoni. Anatafuta. Mlenda ukawa unamdondoka vidoleni jani moja moja.

Ndipo mlango wa bafuni ukafunguka. Mzee Ndahani huyo, taulo begani, povu bado liko sikioni.

"Nani analiliwa hapa?"

Yule kijana alimwangalia baba yake kama anavyoangaliwa mtu aliyefufuka. Mzee naye alikuwa ameshamjua, taulo lilimteleza begani hakulishika. Alikuwa ametoka kusikia atakavyoliliwa siku yake. Ni wangapi wanaojaliwa hilo?

Lakini neno lake alilolisema zamani lilikuwa limesimama katikati yao, na Mzee Ndahani si mtu wa kurudisha neno. Nikamwona anageuza uso kuelekea ndani. Nikasema moyoni, basi, anaingia, anafunga mlango, na huyu ataondoka moja kwa moja.

Juu ya ukuta kikatokea kichwa cha Mama Semu.

"Shemeji," akasema taratibu, wala hakupiga kelele. "Ulisema atarudi siku ya kukuzika. Mtoto ametii, amekuja kukuzika. Sasa kazi ni kwako. Ama ufe, ama umpe maji ya kunywa."

Kama si mtani aliyesema, pangechimbika. Ila mtani haadhibiwi, na aliyekuja msibani hafukuzwi. Hizo sheria Mzee anazijua kuliko sisi wote.

Alisimama. Upepo ukapita ukainua pembe ya mkeka ukaiweka chini. Akafuta povu sikioni. Kisha akasema, hamwangalii kijana, anamwangalia mke wake:

"Huyo kijana wako wa kwenye TV. Muulize kama amekula."

Mama akanyanyuka, mlenda wote ukamwagika.

"Yona," akasema. Lile jina lilitoka na kutu, kama bawaba ambayo haijafunguliwa siku nyingi. "Yona, umekula?"

Nikaacha nguo zangu kwenye beseni nikakimbilia chumbani kulia. Nyingine bado zina madoa mpaka leo.

Sasa hivi Yona yupo. Si kwamba amekuwa malaika, jioni nyingine anatoka na Mama anachungulia geti mpaka arudi. Ila wanakwenda Hombolo yeye na baba yake, wamepanda miche mipya, na Mzee anamwonyesha pa kukata na pa kuacha. Wanarudi hawajaongea neno, wote wawili wana vumbi la rangi moja. Mama Semu akimwona Mzee anamwamkia, "Shikamoo marehemu." Mzee anaitikia marahaba.

Nilimuuliza Mama Semu kama ile status aliiweka kwa makusudi. Akasema, mimi? Mimi nilikuwa nalia.

Na kuna tetesi kwamba Sudi anarudishwa, si mwili haukuonekana. Nilimwambia Mama. Akasema akirudi atakuja na sura ya tatu, na tutamjua tu.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukimfukuza mtoto kwa hasira usimwambie arudi siku ya kufa kwako, maana ni wachache wenye bahati ya kupata mtani wa kuwazika wakiwa hai. Na usimcheke mtu anayelia kwa ajili ya tamthilia. Hujui jina gani amekatazwa kulitaja.

Haya wakuu, uwanja wenu. Kwenu nani hatajwi? Mwandikeni hapa, hata kwa jina la bandia. Mimi nipo, nasoma comment zote nikiwa nasubiri kijiko kwenye dirisha.